GPA Inapima Nini? Namna Vyuo Vikuu Vinavyojua, au Visivyojua, Kile Wanafunzi Walichojifunza

Oktoba 2022, matokeo ya mtihani wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, ile ambayo wengi wetu huiita Shule ya Sheria na ambako mhitimu wa sheria hupita kabla ya kuwa wakili, yalizua mjadala nchi nzima. Kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, 26 tu walifaulu moja kwa moja, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 wakaondolewa. Wote hao walikwisha kuwa na shahada ya sheria ya chuo kikuu kinachotambuliwa. Wazazi wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: kama kijana wangu alifaulu mihula yote chuoni, imekuwaje afeli huku? Wapo waliosema vyuo vinagawa alama, na wapo waliosema Shule ya Sheria inakomoa watu. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ili ichunguze jambo hilo.

Sina nia ya kurudia kazi ya kamati ile. Ninachotaka kukifafanua ni jambo lililofichika nyuma ya mjadala wenyewe, kwa sababu linazuka upya kila mwaka mwajiri anapolalamika kwamba wahitimu "hawajui kitu", na kila mara mzazi anaposhangaa mwanawe mwenye GPA, yaani wastani wa ufaulu wake chuoni, ya 4.2 kati ya 5 anashindwa kuandika barua. Tunazungumza kana kwamba alama na kujifunza ni kitu kimoja, na tukishavichanganya hivyo viwili hatuwezi tena kumwelewa anayetupa matokeo wala anayeyalalamikia.

Tuanze na maneno yenyewe. Alama ni namba anayopewa mwanafunzi kwa kazi aliyoifanya, siku fulani, kwa swali fulani, na msahihishaji fulani. Kujifunza ni badiliko linalobaki ndani ya mtu: jambo ambalo mwaka jana hakuliweza, leo analiweza, na baada ya miezi sita bado ataliweza. Kuna neno la tatu ambalo wahadhiri hulitumia sana na watu wa nje hawalisikii, nalo ni matokeo tarajiwa ya kujifunza. Hii ni sentensi inayoandikwa kwenye mtaala kueleza mwanafunzi ataweza kufanya nini atakapomaliza somo. Sentensi inayosema "mwanafunzi ataelewa sheria ya madai" haipimiki, kwa kuwa hakuna anayeweza kuuona uelewa ukiwa umekaa kichwani mwa mtu. Inayosema "mwanafunzi ataweza kuandaa hati ya madai kutokana na maelezo ya mteja" inapimika kesho asubuhi: mpe maelezo ya mteja, mpe karatasi, kisha usome alichoandika.

Fundi cherehani analijua hili bila kufundishwa na mtu. Mwanagenzi wake akimaliza mwaka, fundi hamwulizi maana ya pindo wala historia ya cherehani. Humkabidhi kitambaa cha mteja na kumwangalia anavyokata.

Namna alama inavyopatikana

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko ni kwamba tumezoea mitihani ya taifa. Mpaka kidato cha sita, Baraza la Mitihani hutunga mtihani mmoja, na mtahiniwa wa Newala anafungua karatasi ileile, saa ileile, na mtahiniwa wa Ilemela. Mwalimu aliyemfundisha hausahihishi mtihani huo. Chuo kikuu mambo hugeuka kabisa. Mhadhiri anayefundisha somo ndiye anayetunga mtihani wake, ndiye anayeandaa mwongozo wa usahihishaji, na kwa kawaida ndiye anayesahihisha. Kwa hiyo A ya somo la uchumi katika chuo kimoja na A ya somo lenye jina hilohilo katika chuo kingine zimetoka katika mitihani miwili tofauti, na hakuna mtu aliyeipima mitihani hiyo kwenye mizani moja.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingi vya Tanzania, alama za somo moja huundwa na sehemu mbili: asilimia 40 hutokana na kazi za muhula, yaani testi, asainimenti, semina na kazi za vikundi, na asilimia 60 hutokana na mtihani wa mwisho wa muhula, ambao wanafunzi huuita UE. Kenya uwiano uliozoeleka ni 30 kwa 70. Jumla ikipatikana hugeuzwa kuwa herufi, na herufi hugeuzwa kuwa pointi. Dar es Salaam, 70 na kuendelea ni A yenye pointi 5, 60 hadi 69 ni B+ yenye pointi 4, 50 hadi 59 ni B yenye pointi 3, na 40 hadi 49 ni C yenye pointi 2. Chini ya hapo mwanafunzi amepata sapu, yaani atarudia mtihani.

GPA ni wastani wa pointi hizo, lakini ni wastani wenye uzito. Kila somo lina krediti zake, na kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti 1 ni sawa na saa 10 za kujifunza, ukihesabu mihadhara, semina na muda wa kujisomea. Mwaka mmoja una krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ina krediti 360. Mchukue mwanafunzi aliyepata A katika somo la krediti 12 na C katika somo la krediti 8. Mara 12 kwa 5 ni 60, mara 8 kwa 2 ni 16, jumla 76. Gawa kwa 20, unapata 3.8, ambayo iko ndani ya daraja la pili la juu. Mwenzake aliyepata herufi hizohizo kinyume chake, C kwenye somo kubwa na A kwenye dogo, anapata 3.2, na hiyo ni daraja la pili la chini.

Kuna jambo lingine kwenye hesabu hii ambalo ningependa kila mwajiri alijue. Mwanafunzi aliyepata 70 na aliyepata 95 wote wana pointi 5, lakini aliyepata 69 ana pointi 4. Ukimpata kijana aliyepata 69 katika kila somo kwa miaka mitatu, GPA yake ni 4.0. Mwenzake aliyepata 70 kila somo ana 5.0, yaani daraja la kwanza lisilo na doa, kwa kuwa daraja hilo huanzia 4.4. Tofauti yao ya kweli ni alama moja kwa kila somo, kiasi ambacho msahihishaji yuleyule anaweza kukiongeza au kukipunguza kwa jibu lilelile akilisoma asubuhi badala ya usiku. GPA ni muhtasari wenye manufaa wa kazi ya miaka mitatu, ila ni muhtasari uliokatwa kwa panga, na haufai kusomwa kana kwamba ni mizani ya sonara.

Desa na ngazi sita

Nimewahi kufundisha, na ninakumbuka usiku mmoja wa kusahihisha ambao ulinibadilisha. Katika rundo la vijitabu vya majibu vya wanafunzi mia na zaidi, nilikutana na jibu zuri ajabu: hoja tano, kila moja na mfano wake, zimepangwa kwa utaratibu. Nikaandika 18 kati ya 20. Kijitabu cha tatu kutoka hapo kilikuwa na hoja hizohizo, mifano hiyohiyo, mpaka neno moja ambalo mimi mwenyewe nililikosea tahajia. Nilikuwa ninasahihisha maandishi yangu. Vijana walikuwa wamelikariri desa langu, kama wanavyoyaita maandishi ya mhadhiri yanayotolewa fotokopi, na wala hawakuvunja sheria yoyote. Swali langu lilisema "Eleza sababu tano", na sababu tano zilikuwa kwenye desa. Miezi michache baadaye nilikwenda kumkagua mmoja wao kwenye mafunzo ya vitendo, nikamwonyesha tatizo lililokuwa mbele yetu, lililotokana na sababu mojawapo ya zile tano. Hakulitambua. Alama 18 zilikuwa za kweli, na kutojua kwake kulikuwa kwa kweli, na kosa lilikuwa langu niliyetunga swali.

Mwaka 1956 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walipanga malengo ya elimu katika ngazi sita, na mwaka 2001 ngazi hizo zikafanyiwa marekebisho. Kutoka chini kwenda juu, ngazi zilizorekebishwa ni kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini na kubuni. Si lazima mtu akubaliane na kila kitu kwenye mpangilio huo, lakini unasaidia sana kuona swali linamdai mwanafunzi nini. Chukua somo la udongo. "Taja visababishi vitano vya mmomonyoko wa udongo" ni swali la ngazi ya kwanza. Mwenye msuli wa siku mbili, yaani aliyekazana kusoma, na mitihani ya miaka iliyopita analimaliza. "Mkulima wa Lushoto ana shamba la mteremko mkali, analima mahindi kufuata mteremko, na kila masika udongo wa juu unashuka mtoni, hana fedha za matrekta lakini ana familia ya watu sita. Mshauri afanye nini mwaka huu na nini mwaka ujao, na umweleze kwa nini" ni swali la ngazi za juu. Visababishi vyote vitano vimo ndani yake, ila havitajwi tu, vinatumika. Anayeliweza la pili anaweza la kwanza, na kinyume chake hakina uhakika.

Nadhani hapa ndipo lilipo jibu kubwa la fumbo la wanasheria wale 633. Shahada ya kwanza ya sheria hupimwa kwa sehemu kubwa kwa insha na maswali ya nadharia, ilhali Shule ya Sheria, kama jina lake linavyosema, inapima vitendo: kuandaa nyaraka za mahakama, kuhoji shahidi, kumshauri mteja. Mtu anaweza kuwa alifaulu kihalali kipimo cha kwanza bila ya kuwahi kujaribiwa kwenye cha pili. Hilo halimwondolei lawama anayegawa alama, kama yupo, wala haliondoi swali la ubora wa kufundisha. Linatukumbusha tu kwamba mtu aliyefaulu mtihani wa alama za barabarani bado hajashika usukani.

Wanaokaribia kupima kitendo chenyewe

Fani ya tiba ililikabili tatizo hili mapema, labda kwa sababu makosa yake yanazikwa. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walieleza aina ya mtihani ambao leo hutumika katika vyuo vya tiba duniani kote, vyetu vikiwemo, na wanafunzi huuita OSKI. Picha yake ni hii. Ukumbi umegawanywa vituo, pengine kumi au zaidi, kila kimoja kikiwa na meza, mlango au pazia. Kengele inalia. Mwanafunzi anaingia kituo cha kwanza na kumkuta mama aliyeketi, ambaye ameelekezwa ajifanye ana maumivu ya tumbo. Ana dakika chache za kumhoji. Pembeni amekaa mtahini ambaye hasemi neno, mbele yake karatasi yenye orodha: amejitambulisha, ameomba ridhaa, amenawa mikono, ameuliza maumivu yalianza lini, ameuliza kuhusu ujauzito. Anaweka tiki au anaacha wazi. Kengele inalia tena, mwanafunzi anahamia kituo cha pili, ambako kuna mkono wa plastiki na sindano. Wote wanapitia vituo vilevile na kusahihishwa kwa orodha ileile, na desa halimsaidii aliyesahau kunawa mikono.

Mtihani wa namna hii ni ghali na unataka watahini wengi, ndiyo maana huwezi kuudai kwa darasa la wanafunzi 800 wa sosholojia. Hata hivyo fani nyingine zina njia zake: mhandisi hutetea mradi wake wa mwaka wa mwisho mbele ya jopo, mwalimu mtarajiwa hukaguliwa akiwa darasani na chaki mkononi wakati wa mazoezi ya kufundisha, na mwanafunzi wa fani nyingi huandika utafiti na kuulizwa maswali ya ana kwa ana. Maswali hayo ya ana kwa ana yamepata uzito mpya siku hizi, kwa sababu asainimenti iliyoandikwa nyumbani inaweza kuwa imeandikwa na programu ya akili mnemba kwa dakika moja, na zile asilimia 40 za muhula zimekuwa na mashaka ambayo hayakuwepo miaka mitano iliyopita.

Ndama aliyepimwa mara moja

Hata kipimo kizuri kikifanyika mwishoni tu, bado hakijajibu swali letu lote. Mtu akikuonyesha ng'ombe wa kilo 300 na kusema amemnenepesha vizuri, utamwuliza alikuwa na kilo ngapi alipomnunua mnadani. Chuo kinachochukua wanafunzi waliopata daraja la kwanza kidato cha sita na kuwatoa wakiwa hodari kinaweza kuwa kimewaongezea kidogo sana, na chuo cha mkoani kinachopokea waliopita kwa taabu kinaweza kuwa kimewavusha mbali zaidi. GPA haionyeshi safari hiyo, kwa kuwa hakuna aliyewapima mlangoni kwa kipimo kilekile.

Wamarekani walijaribu kufanya hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia wanafunzi zaidi ya 2,300 wa vyuo 24, ukiwapa mtihani uleule wa kufikiri na kuandika walipoingia na tena baada ya miaka miwili; asilimia 45 hawakuonyesha maendeleo ya maana. Watu walishtuka. Wakosoaji nao walisema jambo zito: mtihani ule haukuwa na alama yoyote kwa mwanafunzi, kwa hiyo huenda baadhi waliandika ili waondoke. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, nalo lilijaribu mtihani mmoja kwa wanafunzi wapatao 23,000 wa nchi 17, Misri ikiwa miongoni mwao, lakini mpango huo haukuendelezwa, kwani nchi hazikukubaliana kama kipimo kimoja kinaweza kuwatendea haki wanafunzi wa mazingira tofauti kiasi hicho. Brazil tangu 2004 ina mtihani wake wa taifa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, na Ethiopia mwaka 2023 ilianza kuwataka wanafunzi wa shahada ya kwanza kufaulu mtihani wa taifa kabla ya kuhitimu. Faida ya njia hii ni mizani moja kwa wote. Hatari yake tunaijua sisi tuliolelewa na mitihani ya taifa: kitakachopimwa ndicho kitakachofundishwa, na kisichopimwa kitakufa.

Kwetu, ulinzi mkubwa wa alama za chuo ni mtahini wa nje. Desturi hii ni ya tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kikiwa na kitivo kimoja tu, na kitivo hicho kilikuwa cha sheria, kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na viwango vyake vilitakiwa kulingana na vya huko. Leo mtahini wa nje ni mhadhiri wa chuo kingine anayekuja kupitia maswali, miongozo na sampuli ya vijitabu vya majibu. Kazi yake inafanana na ya ofisa wa Wakala wa Vipimo anayepita sokoni kukagua mizani: hauzi mchele, ila anahakikisha kilo ya muuzaji ni kilo. Baada yake matokeo hupita kwenye vikao vya idara na kitivo mpaka Seneti. Ukaguzi huo hushika mizani iliyoharibika, ambayo ni kazi kubwa. Hauwezi kusema kama bidhaa iliyopimwa ndiyo uliyoihitaji.

Zipo imani tatu ambazo zinastahili kuondolewa hapa. Ya kwanza ni orodha za ubora wa vyuo zinazosambaa kila mwaka. Nyingi hutazama utafiti, machapisho na sifa ya chuo mbele ya wasomi wengine. Webometrics, inayonukuliwa sana Afrika Mashariki na ambayo ilianzia Hispania mwaka 2004, hutazama zaidi uwepo wa chuo kwenye mtandao. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyomkalisha mwanafunzi chini na kumwuliza anajua nini. Ya pili ni kwamba chuo kinachofelisha wengi ndicho bora. Kufelisha ni rahisi mno: tunga swali baya. Mbio humtoa mshindi hata kama wote walikimbia polepole, wakati kuruka juu kunataka uvuke kamba iliyowekwa. Mtihani wa chuo unapaswa kuwa kama kamba, na wote wakiivuka kihalali wote wapewe haki yao. Ya tatu ni ile fomu ya kumtathmini mhadhiri mwisho wa muhula. Inafaa kujua kama mhadhiri aliingia darasani na kama alisikika, na vyuo visiache kuitumia, lakini inapima kuridhika kwa mwanafunzi, na mwanafunzi anaweza kumpenda sana mwalimu asiyemdai kitu.

Kinachonipa moyo ni kwamba idara yoyote inaweza kuanza kupima kujifunza bila kusubiri bajeti wala mtihani wa taifa. Vijitabu vya majibu vya mwaka wa kwanza vipo stoo, vimefungwa kwa kamba na kuandikwa tarehe kwa kalamu nene. Wachukue ishirini, wachukue kazi za mwaka wa tatu za wanafunzi walewale, wafunike namba za watahiniwa na mwaka, wazichanganye, kisha wahadhiri wawili ambao hawakufundisha masomo hayo wasome zote kwa vigezo vilevile: je, anatoa hoja na kuitetea, anatumia ushahidi, anaona udhaifu wa jibu lake mwenyewe? Halafu wafunue, wapange za mwaka wa kwanza upande huu na za mwaka wa tatu upande ule, na wakae kuzitazama pamoja.